Mtoto anayelea wadogo zake nyumbani, darasani anaambiwa anyamaze

BUTEMBO/BENI – Katika familia nyingi zilizokimbia Oicha, Eringeti, Kanyabayonga au vijiji vya Lubero, mtoto wa miaka 9 ndiye anayeamka wa kwanza. Anachota maji, anawasha makala, anaosha wadogo zake. Mama akienda kulima shamba la watu, yeye ndiye anabaki mkubwa wa nyumba. Akitumwa kuuza mandazi kando ya barabara, si rahisi mtu mzima amdanganye kwenye chenji.

Mtoto huyo huyo akiingia darasani, anabanana na wenzake kwenye benchi moja, na kazi yake inakuwa kurudia. Mwalimu anasema, darasa linaimba. Akiuliza kwa nini, anaitwa kichwa ngumu. Akifanya hesabu kwa njia aliyoizoea sokoni, anapata sufuri, hata kama jibu ni sawa.

Tarehe 6 Januari 1907, daktari mmoja wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Hawakuwa watoto wa matajiri. Wazazi wao walikuwa wafanyakazi maskini waliotoka asubuhi, na watoto wakabaki wakiharibu kuta za majengo. Montessori aliwapa kazi za kweli: kufagia, kunawa, kupanga meza, kushika herufi kwa vidole. Kila mmoja alichagua kazi yake na kuirudia mpaka atosheke. Mwalimu aliangalia zaidi kuliko kusema. Leo katika miji mingi ya Afrika jina hilo linabandikwa kwenye shule za bei kali, wakati mwanzo wake ulikuwa mtaa unaofanana zaidi na kambi ya wakimbizi wa ndani.

Walimu watajibu, na wana haki. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwezi wa 9 mwaka 2019, madarasa yamejaa kupita kiasi, na walimu wengi wamefundisha miaka bila mshahara wa serikali. Nani ataacha watoto 80 wachague? Lakini si lazima iwe siku nzima. Saa moja inatosha kuanza. Vifuniko vya chupa vinahesabika, vijiti vya mikaratusi havikosekani Butembo, na mchanga kwenye sinia unafundisha herufi bila daftari. Mkubwa anamfundisha mdogo, kama anavyofanya nyumbani. Vituo vya kufidia masomo, ambako miaka 6 ya msingi inasomwa kwa miaka 3, tayari vinachanganya watoto wa umri tofauti. Hapo ndipo pangekuwa rahisi kujaribu.

Kuna kosa moja la kuepuka: kusema kwamba mtoto anayelea wadogo zake amekwisha kuwa huru. Hapana. Kazi ile hakuichagua, vita ndivyo vilimpa. Kumwacha mtoto peke yake ni jambo moja, kumpa nafasi ya kuamua huku mtu mzima yuko karibu ni jambo lingine kabisa.

Na hapa Beni jambo hili si la vitabu tu. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 watu wanauawa, watoto wanatekwa na kupelekwa msituni, na makundi yenye silaha yanatafuta vijana. Mtoto aliyefundishwa tangu maternele mpaka humanite kwamba neno la mkubwa haliulizwi, atamjibu nini mgeni anayekuja na ahadi ya kazi na pesa? Kuuliza "kazi gani, wapi, na nani mwingine anajua?" kunajifunzwa. Kunajifunzwa kwa kuuliza mwalimu bila kuchapwa.

Kwa vijana wakubwa, Montessori alipendekeza walime, wauze mavuno na kushika vitabu vya hesabu wenyewe. Eneo la Beni ni la kakao, lakini mashamba mengi hayafikiki bila hatari, hivyo hakuna mzazi atakayetuma darasa huko. Basi duka dogo la kalamu na daftari ndani ya shule, likiendeshwa na wanafunzi, lingefundisha faida, deni na hasara kuliko kunakili ubaoni. Leo, mara nyingi, uongozi wa mwanafunzi ni kuwa kapita wa darasa, na kazi yake ni kuandika majina ya wanaopiga kelele.

Mwezi wa 4 mwaka 2021, wanafunzi wa Beni walikaa siku kadhaa kwenye uwanja wa meri, wakimtaka Rais Tshisekedi aje ajionee hali ya usalama. Wengine walisema wanasukumwa na wakubwa. Hata hivyo walijipanga, wakavumilia baridi ya usiku, na mwezi wa 6 Rais alifika Beni. Vijana wa namna hiyo hawakosi uwezo wa kuongoza.

Wazazi wanaogopa ENAFEP, na woga huo una sababu. Lakini mtihani huo unamkuta kila mtoto peke yake mbele ya karatasi, bila darasa la kuimba naye. Katika mkutano wa kamati ya wazazi, baada ya maneno ya pesa, mzazi anaweza kumuuliza direkta swali moja zaidi: ni saa gani kwa siku mtoto wangu anachagua kazi yake mwenyewe?