Masomo ya Likizo: Tumfundishe Nani, na Tumfundishe Nini?

Kila mara wanachuo wetu wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, huwauliza kama shule walizokwenda zina kambi za masomo wakati wa likizo. Wengi hujibu kwamba zipo. Nikiendelea kuuliza kambi hizo hufanya nini, majibu yao hufanana kana kwamba wote walikwenda shule moja: watoto wa darasa la saba hukusanywa, hupewa mitihani ya miaka iliyopita, husahihishiwa, na kesho yake hupewa mingine. Nikiuliza ni watoto gani hasa wanaoshughulikiwa, mara nyingi naambiwa kwamba ni wale wenye matumaini ya kufaulu, au wale ambao wazazi wao wameweza kuchangia.

Siandiki makala haya ili kuzilaani kambi hizo, wala kuwalaumu walimu wanaojinyima mapumziko yao kwa ajili ya watoto. Nataka kuonyesha kwamba masomo ya likizo yaweza kuwa kitu kingine kabisa. Mifano nitakayoitumia inatoka mbali, nchini Marekani, ambako vijana wa sekondari wamekuwa wakiitwa katika vyuo vikuu wakati wa likizo kwa zaidi ya miaka sitini. Mfano wa mbali una faida yake, kwa kuwa twaweza kuupima bila kujitetea.

Likizo ndefu ya shule za Marekani huangukia majira ya joto, baina ya Juni na Agosti. Wakati huo madarasa na mabweni ya vyuo vikuu vingi huwa na nafasi, na ndipo vijana ambao bado wako sekondari hualikwa kuja kusoma. Mipango ya namna hii ni mingi, nayo haina lengo moja. Baadhi yake hutoza maelfu ya dola, na mzazi hulipa akitumaini kwamba jina la chuo mashuhuri litamfungulia mtoto wake mlango, ingawa kuhudhuria masomo hayo si ahadi ya kupokelewa chuoni. Hiyo naiacha. Nitaitazama miwili iliyoanzishwa kwa fikra nzito zaidi.

Wa kwanza ulianzishwa mwaka 1957 na Arnold Ross, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambaye aliuhamishia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 1964. Vijana huishi pamoja kwa majuma kadhaa wakijifunza nadharia ya namba, yaani tabia za namba nzima, zile zile ambazo mtoto wa darasa la kwanza huzihesabu kwa vijiti. Shabaha ya Ross ilikuwa kuwazoeza vijana kufikiri kwa kina juu ya mambo mepesi. Hawaharakishwi kumaliza muhtasari wa mwaka ujao. Hupewa maswali kila siku, hujaribu kwa namba, huona utaratibu, hukisia kanuni, na mwishowe hutakiwa kuithibitisha. Huishi nao vijana wakubwa kidogo, wengi wao wakiwa wamepitia mpango huo huo, ambao huzisoma kazi zao na kuwarudishia pamoja na maoni.

Wa pili huitwa Upward Bound. Ulianza mwaka 1965, kutokana na sheria ya mwaka 1964 ya Rais Lyndon Johnson ya kupambana na umaskini. Vijana wake wengi hutoka katika familia zenye kipato kidogo, ambamo baba na mama hawakupata shahada ya chuo kikuu. Hawalipi ada. Husaidiwa katika mwaka wa shule, na wakati wa likizo husoma hisabati, sayansi ya maabara, uandishi, fasihi na lugha ya kigeni, mara nyingi wakiishi chuoni kwa muda wa majuma sita hivi.

Mpango huu wa pili unatufundisha jambo ambalo kila mwalimu anapaswa kulitafakari. Katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani iliagiza upimwe. Vijana walioomba nafasi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaingia na wengine wakabaki nje, kisha makundi yote mawili yakafuatiliwa kwa miaka mingi. Walipotazamwa wote kwa jumla, tofauti ya kuingia katika elimu ya juu haikuonekana wazi, ingawa wako wataalamu waliobishana na hesabu hizo. Lakini lilikuwamo kundi moja lililonufaika sana: wale ambao mwanzoni hawakutarajia kwamba wangefika chuo kikuu na kumaliza. Ama yule aliyekuwa amekwisha kuazimia kufika, huenda angefika hata bila kusaidiwa.

Tulinganishe matokeo hayo na desturi yetu. Sisi humchagua yule mwenye matumaini, tukamwongezea matumaini, na yule asiyekuwa nayo tukamwambia akapumzike nyumbani. Kisha mtihani ukija na kuonyesha kwamba wa kwanza amefaulu na wa pili ameshindwa, twasema kwamba kambi imefanya kazi.

Upo pia ushahidi kutoka mji wa Baltimore. Mwaka 1982 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Karl Alexander na Doris Entwisle, walianza kuwafuatilia watoto wapatao 800 waliokuwa wakiingia darasa la kwanza. Baadaye walieleza kwamba katika miezi ya shule, watoto wa maskini na wa wenye uwezo walisonga mbele karibu sawa, na kwamba pengo baina yao lilipanuka hasa wakati wa likizo. Haifai tuyachukue maelezo haya kama neno la mwisho, maana mwaka 2019 Paul von Hippel aliandika kwamba namna ya kupima ya miaka ile ilichangia kulikuza pengo hilo. Hata hivyo, swali lake linabaki: shule inapofungwa, ni mtoto gani anayerudi kwenye nyumba yenye vitabu, na ni yupi anayerudi kwenye nyumba isiyo na hata gazeti la kufungia maandazi?

Sasa sina budi kusema jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Kabla ya kuwa mkufunzi nilifundisha shule ya msingi, na mwaka mmoja nilipewa kambi ya likizo ya Juni. Siku moja tulikuwa tukisahihisha maswali ya kugawanya kwa sehemu. Niliandika ubaoni kanuni ambayo sote twaijua: pindua sehemu ya pili, kisha zidisha. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwa nini tunaipindua?" Nilimjibu, "Wewe kariri tu, mtihani hautakuuliza kwa nini." Darasa likacheka. Msichana yule hakuuliza swali lingine mpaka kambi ilipokwisha.

Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Mimi pia nilikuwa nimekariri. Laiti ningekuwa nalo, nisingehitaji zaidi ya machungwa matatu na kisu. Ukigawanya machungwa 3 kwa robo, unauliza zimo robo ngapi ndani yake. Kila chungwa lina robo 4, basi zimo robo 12. Kwa hiyo umezidisha kwa 4. Ukigawanya machungwa hayo hayo kwa robo tatu, unazichukua zile robo 12 na kuzipanga mafungu ya tatu tatu, nawe utapata mafungu 4. Umezidisha kwa 4, kisha umegawanya kwa 3, ambako ndiko kuzidisha kwa sehemu iliyopinduliwa. Dakika kumi zingetosha. Hili ni jambo jepesi lililofikiriwa kwa kina, nalo halihitaji mabweni ya chuo kikuu.

Kutokana na hayo, napendekeza kwa mwanachuo atakayepewa masomo ya likizo azingatie mambo manne.

Kwanza, aulize ni nani aliyeachwa. Orodha ya kambi isiandikwe kwa kufuata nafasi za mtihani uliopita peke yake, wala kwa kufuata mchango wa mzazi. Mtoto ambaye hakuna mtu anayemtarajia ndiye mwenye haki ya kwanza ya kutarajiwa na mwalimu wake.

Pili, achague mambo machache. Juma moja la kuelewa sehemu, au la kusoma hadithi moja na kuisimulia upya kwa maneno yao wenyewe, lina thamani kuliko mitihani ishirini ya kukisia herufi. Awape vizibo vya soda wajumlishe 1 na 3, kisha 5, kisha 7, huku wakivipanga kwa mraba. Watagundua 4, 9 na 16 kwa mikono yao, na mtu hasahau upesi alichokigundua mwenyewe.

Tatu, awatumie vijana wa sekondari walioko kijijini kwa likizo. Msichana wa kidato cha tatu akikaa na watoto wanne chini ya mwembe, atawasaidia wao na atajisaidia mwenyewe, kwa maana anayefundisha hulazimika kuelewa.

Nne, asiibe utoto. Likizo ni wakati wa kucheza, wa kumsaidia mama shambani, na wa kwenda kumsalimu bibi. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku kuwalazimisha wanafunzi masomo ya likizo, na sababu zake si vigumu kuzielewa. Masomo yawe ya saa chache, na mtoto aende kwa kupenda.

Najua nitaambiwa kwamba mwalimu mkuu anataka asilimia ya ufaulu, na wazazi vilevile. Siyadharau madai hayo, kwani mtihani umo katika maisha ya mtoto na hapana budi aukabili. Lakini mtoto aliyeelewa kwa nini sehemu inapinduliwa hatashindwa kuipindua katika mtihani, hali yule aliyekariri atashindwa mara swali likibadilishwa sura. Tena tusisahau kwamba katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alituonya kwamba elimu ya msingi isiwe maandalizi ya kwenda sekondari tu, bali iwe elimu iliyokamilika kwa mtoto atakayeishia hapo. Kambi inayowajali wateule peke yao inakwenda kinyume cha onyo hilo.

Ndugu wanachuo, baadhi yenu mtapewa kambi kama ile yangu kabla hata hamjazizoea shule zenu. Mtasimama mbele ya ubao, na mtoto mmoja wa nyuma atanyosha mkono kuuliza kwa nini. Jiandaeni kwa ajili ya mkono huo. Na kama jibu hamnalo, semeni hivyo, kisha mkalitafute pamoja naye.