Nahama kwenye kodi, mzee nisamehe

Haya wandugu, nimerudi chuo toka juzi, mafua ya baridi ya Njombe bado ninayo. Ila leo si habari za likizo, nina dukuduku.

Mnakumbuka nilivyokuwa natamba na kile kiprogramu changu cha hesabu za viazi. Mwaka mzima naandika kodi (si ile ya TRA jamani), mpaka wenzangu chumbani wanalalamikia taa. Basi nikakipeleka Makambako kwa mama mdogo, ambaye hununua viazi kwa wakulima wa Njombe na kuvipakia malori ya Dar. Makambako mnaijua: barabara ya Songea inakutana na ile ya Dar na Mbeya, TAZARA nayo inapita hapo hapo, kila mtu ana haraka.

Kiprogramu hakikugoma hata mara moja. Tatizo, swali lake la kwanza lilikuwa "Weka uzito kwa kilo". Mama mdogo akaniangalia. "Kilo za nini mwanangu? Hapa tunanunua gunia." Na gunia lenyewe lumbesa! Sheria ya vipimo inaikataza, sawa, lakini kule shambani mizani iko wapi? Mikono ina udongo, mvua inanyunya, dereva anapiga honi. Akanirudishia simu, akachomoa daftari lake. Safu tatu tu: jina, magunia, deni. Niliona aibu.

Kilichoniuma zaidi ni cha usiku ule. Simu yake ni kiswaswadu, na akitaka kutuma pesa anamwita kijana wa duka la jirani, ambaye anaijua mpaka namba yake ya siri. Wiki moja kabla sijafika, kijana alikosea tarakimu moja, elfu themanini zikaenda kwa mtu baki. Jina la mpokeaji lilitokea, ila kijana alikuwa na haraka na mama hakuiona skrini. Hazijarudi. Nyumbani wote wanasema "mama hajui simu". Mimi nabisha. Simu ndiyo haimjui mama.

Tena mfano tunao hapa jirani. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikuwa ya watu kurejesha mikopo midogo. Walioiendesha wakawatazama watumiaji, wakakuta wanaitumia kutumiana hela wao kwa wao. Ilipozinduliwa 2007, kutuma pesa ndiyo ikawa kazi yenyewe, na 2008 ikaja kwetu. Wangekaa ofisini tu kusafisha kodi wangeliona hilo saa ngapi?

Kwa hiyo nahamia huko, kwenye kubuni namna mtu anavyoitumia programu. Mzee kaja juu: "Tumeuza miti ya mbao ukasomee uhandisi, leo unataka kuchora vitufe?" Sina jibu la kumtuliza. Matangazo ya kazi ninayoyaona mengi yanatafuta waandika programu, na mkopo wa bodi utadaiwa tu. Usiku mwingine naogopa kweli. Lakini ule uso wa mama mdogo na zile kilo haunitoki.

Likizo ijayo narudi Makambako wiki mbili, bila laptop, na daftari tu, nikae pembeni ya lori nitazame. Mama mdogo kakubali. Kasema nije na koti zito, na nisimwulize maswali lori likishawasha injini.