Reli ya Kalemie: ulimi wa chuma unahitaji fundi anayelipwa

Huku Cimpunda hatuna treni. Lakini mizigo ya Katanga inafika Kalemie kwa reli, inavuka ziwa mpaka Uvira, kisha inapanda kwetu. Na juu ya mizigo hiyo wanakaa watu. Bado tunakumbuka treni iliyoanguka Mayibaridi, Tanganyika, Septemba 2019.

Pale reli inapogawanyika kuna ulimi wa chuma unaoliongoza gurudumu. Ulimi wa zamani ni mfupi, umefungwa nyuma kwa bolti, unageuka kama mlango kwenye bawaba. Wa kisasa ni mrefu, umeungana na reli, unapinda wenyewe. Huo hautikisi gari sana, lakini ukivunjika unabadilishwa mzima. Wa bawaba fundi anaukaza kwa spana.

Maoni yangu: njia hii iliyofika Kalemie mwaka 1915 ikitengenezwa, stesheni ndogo zibaki na ulimi wa bawaba. Ila fundi alipwe kila mwezi. Ulimi wa aina yoyote usipoibana reli, hata kwa milimita chache, gurudumu linapotea njia. Na anayeanguka kwanza ni yule aliyekaa juu ya mizigo.