Jembe Halina Aibu

Jumapili iliyopita, hapa Kambove, mchungaji mmoja alimsimamisha kijana aliyepata kazi ya biro kule Likasi, akamwombea, kisha akamshukuru Mungu kwa kumtoa kwenye jembe. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilinyamaza, na hasira haijanitoka hadi leo.

Mchungaji afungue Biblia yake. Bwana anayemhubiri alikuwa seremala. Paulo, msomi aliyefundishwa na Gamalieli, alishona mahema Korintho huku akihubiri. Huyo Mungu anayewaokoa watu na kazi ya mikono amempata wapi?

Mimi ni mtu wa biro. Kutwa napokea karatasi, nagonga muhuri, nampelekea mwenzangu, naye anazirudisha kwa kuwa sahihi moja imekosekana. Jioni mama watoto akiniuliza nimefanya nini, sina cha kumwonyesha. Jumamosi ni kitu kingine. Mahindi tuliyopanda Novemba, mvua ilipokolea, sasa yanataka palizi. Naingia shambani umande haujakauka, na jua likipanda naziona nyasi zimelala nyuma yangu, udongo mweusi umefunuka, mahindi yanapumua. Hakuna mkubwa wa kuniambia palizi hii irudishwe. Mgongo unauma, ndiyo, lakini usingizi wa usiku huo siupati siku nyingine yoyote, na lengalenga niliyoichuma mwenyewe naijua ladha yake kwenye bukari. Raha hiyo ndiyo tunayomwombea kijana aepushwe nayo!

Najua woga huu wa jembe ulitoka wapi. Kabla ya kampuni ya migodi ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, Wasanga wa nchi hii waliyeyusha shaba katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakasubu misalaba iliyonunua vitu mbali sana na hapa. Ufundi huo ulikuwa na chama chake na miiko yake. Hakuingia kila aliyetaka. Mikono yao ilikuwa fahari yao. Kisha Mbelgiji akaja na fimbo ya ngozi ya kiboko. Mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga ya kukusanya vijana vijijini na kuwapeleka migodini. Mwaka 1917 yakaja mazao ya lazima: lima pamba usiyoila, uiuze kwa bei usiyoipanga, ukikataa ufungwe. Na katikati ya mateso hayo wakawekwa watu wachache wenye shati jeupe, makarani, walioitwa évolués, na kuanzia 1948 baadhi yao wakapewa kadi ya kuthibitisha ustaarabu wao. Nani asingekimbilia shati jeupe? Babu zetu walikuwa na haki ya kukimbia. Lakini walichokimbia ni fimbo, na mavuno kuchukuliwa na mwingine. Sisi tukalihukumu jembe, fimbo tukaiachilia.

Mobutu naye akaongeza lake. Katika miaka ya 1970 alituletea Salongo, kazi za mikono za lazima, watu wakifyeka huku wakubwa wamesimama kivulini. Kila aliyepita Salongo alijifunza kwamba mkubwa ni yule asiyeshika kitu.

Wenzangu wa biro wana hoja yao: mkuu akionekana na matope, nani atamheshimu? Basi heshima yenyewe imo ndani ya sabuni! Nyerere alitawala nchi zaidi ya miaka ishirini, akastaafu, akarudi kijijini kwake Butiama kulima. Nani alimwita mtu duni kwa sababu hiyo? Mkuu ambaye heshima yake inaondolewa na tope la shamba hakuwa nayo tangu mwanzo, na watu wanaosubiri mishahara inayochelewa mbele ya mlango wake wanalijua hilo vizuri.

Wala msiniletee habari ya wachimbaji wadogo, eti nao wanashika sururu na hawana raha. Hawana, kwa sababu bei ya jiwe lao anaipanga mnunuzi mwenye mizani. Ni fimbo ileile imebadili sura. Na malori yanapita kila siku kwenda mpakani Kasumbalesa yamejaa shaba yetu, wakati jembe ninalolimia nimelinunua likiwa limetoka ng'ambo. Hilo ndilo la kuombewa kanisani.

Lakini kinachonichoma zaidi ni shule. Mtoto akichelewa, jembe. Akipiga kelele darasani, jembe. Miaka kumi na miwili anafundishwa kwamba udongo ni adhabu, kisha siku ya diploma anapongezwa kwa kuukwepa. Wakurugenzi wa shule za Kambove, tafuteni adhabu nyingine. Mtoto aliyefanya vizuri ndiye apewe kipande cha ardhi nyuma ya darasa, apande anachotaka, na mavuno ayapeleke kwao, yote.