Mwalimu mkuu arudishwe kwenye kazi yake

TAMISEMI na Wizara ya Elimu zimo Mtumba, Dodoma. Tume ya Utumishi wa Walimu nayo iko hapa hapa Dodoma. Shule za Bahi, Chemba na Mpwapwa zikiyumba, wakubwa hawana umbali wa kusingizia.

Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya walimu wa msingi nchini hawamo darasani wakati wa vipindi, ingawa wengi wao walikuwapo shuleni. Uhaba wa walimu tunaujua, lakini mwalimu aliyefika shuleni na hafundishi anahitaji msimamizi, si ajira mpya.

Msimamizi huyo ni mwalimu mkuu. Tumemfanya nini? Mwishoni mwa 2021 zilipokuja fedha za IMF za kujenga madarasa 15,000, walimu wakuu na wakuu wa shule walikabidhiwa saruji, nondo na mafundi. Madarasa tuliyahitaji, hilo halina ubishi. Ila tabia ilibaki: ujenzi, vikao vya halmashauri, taarifa za kujaza kwenye kishkwambi. Kukaa nyuma ya darasa la pili kusikiliza watoto wakisoma kumekuwa anasa.

Na katika mkoa huu wa mvua za msimu mmoja, uongozi hupimwa hata jikoni. Mwalimu mkuu anayesimama kwenye mkutano wa kijiji baada ya mavuno, akaeleweka, hupata mtama na mahindi ya uji wa shule. Asiyeaminiwa na wazazi haambulii debe, na ghala za kaya zinapokauka watoto huanza utoro. Mtoto mwenye njaa hafaulu.

Mafunzo ya uongozi yapo. Wakala wa uongozi wa elimu, ADEM, uko Bagamoyo kwa kazi hiyo. Mpango wa EQUIP-Tanzania ulianza mwaka 2014, Dodoma ikiwamo, na ule wa Shule Bora ukafuata, yote kwa fedha za Uingereza. Je, mfadhili akiondoka?

Serikali ilianza kulipa posho ya madaraka mwaka 2015, Sh200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu. Sasa idai kazi. Asiteuliwe mtu kabla ya kufunzwa. Ujenzi wakabidhiwe wahandisi wa halmashauri. Afisa elimu kata aulize kwanza vipindi vilivyofundishwa, ndipo aulize risiti. Atakayeachiwa muda wa kuongoza na bado madarasa yakakosa mwalimu, avuliwe madaraka.