Usiite sandarusi kaharabu

Kuna uongo ambao umeota mizizi kiasi kwamba hata anayeusema hajui tena kama anadanganya. Uongo wenyewe ni huu: chukua kipande cha njano chenye mdudu ndani, kitumbukize kwenye glasi ya maji ya chumvi, kikielea basi hiyo ni kaharabu halisi na mdudu wako ana miaka milioni 40. Hapo hapo bei inapanda.

Upuuzi mtupu.

Maji ya chumvi yanapima kitu kimoja tu: uzito wa kitu ukilinganisha na ukubwa wake. Kaharabu inayazidi maji matupu uzito kidogo sana, kwa hiyo ukiyakoleza chumvi itaelea. Kioo kitazama. Bakelaiti, ile plastiki ngumu iliyotengenezewa tasbihi nyingi za "kaharabu" karne iliyopita, itazama pia. Lakini sandarusi itaelea. Sasa kipimo kinachomwachia huru mtuhumiwa mkuu ni kipimo gani hicho?

Maana mtuhumiwa mkuu si plastiki, ni sandarusi. Zote mbili, sandarusi na kaharabu, ni utomvu wa miti uliokauka. Tofauti ni umri. Kaharabu ya Baltiki ina zaidi ya miaka milioni 30, ya Jamhuri ya Dominika kati ya milioni 15 na 20, ya Myanmar inakaribia milioni 100. Sandarusi ya mwambao wetu na ya Madagaska ni ya juzi tu ukilinganisha na hizo. (Na tafadhali, ambari ni kitu kingine kabisa, hutoka tumboni mwa nyangumi. Wazungu ndio waliochanganya majina hayo mawili, Kiswahili kiliyaacha mbalimbali. Tusijichanganye kwa kuwafuata.)

Wengine watakwambia utumie sindano ya moto. Sindano itakuonyesha plastiki, kwa sababu plastiki hunuka plastiki. Lakini kaharabu na sandarusi zote zitatoa harufu ya utomvu unaoungua, na wewe utabaki na kipande chenye tundu. Afadhali tone la asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha: sandarusi changa huanza kunata, kaharabu hubaki kavu. Hata hivyo sandarusi iliyokaa ardhini muda mrefu hukaidi, na hapo kinachobaki ni maabara, kupima kwa mionzi ya infraredi.

Tuje kwa mnyama mwenyewe, maana ndiye anayeuza. Nge mkubwa, yuko katikati kabisa, mkia juu, miguu yote imetandazwa kama anapigwa picha ya pasipoti. Jamani! Kiumbe aliyenaswa na utomvu hupapatika. Huvutwa na mkondo wake, hubaki upande, bawa limekunjamana, pembeni kuna viputo na vipande vya magome. Wakubwa wengi hujinasua, ndiyo maana vipande vya kweli vimejaa visubi, sisimizi na buibui wadogo. Mijusi ipo, mmoja aliokotwa Gdańsk, Poland, mwaka 1997, lakini ni adimu mno. Anayekuuzia mjusi mzima kwa bei ya viatu anakuuzia mjusi wa ukutani kwake.

Usidhani wanaoingizwa mjini ni mimi na wewe peke yetu. Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalikuwa na nzi ndani ya kaharabu, aliyeandikwa na wataalamu tangu 1850. Mwaka 1966 Willi Hennig, mmoja wa magwiji wa elimu ya wadudu, alimchunguza na akamkubali, ingawa alikuwa jamii ile ile ya nzi wa chooni tulionao leo. Ilifika 1993 ndipo Andrew Ross, akiwa kazini hapo makumbusho, alipoona ufa. Kumbe kipande kilipasuliwa katikati, kikachimbwa shimo, nzi akawekwa, kikagandishwa tena.

Kaharabu yenyewe ilikuwa halisi. Ingeelea, ingenukia, ingefaulu na asetoni. Kilichopaswa kuwashtua ni yule nzi: mamilioni ya miaka na hajabadilika hata kidogo?

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kwa nini sandarusi ivishwe joho la watu wengine wakati ina lake? Karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa Mrima ilipitia Zanzibar hadi Salem, Marekani, kutengeneza vanishi, na iliuzwa kwa jina lake. Hata neno letu "chakazi", yaani sandarusi mbichi, wafanyabiashara walilibeba wakalitamka hadi likawa "jackass". Msandarusi ni ndugu wa karibu wa mti wa kale uliotoa kaharabu ya Dominika. Ukoo huo haustahili kufichwa.

Na kuna hasara nyingine. Sandarusi yenye nyuki wadogo wasiouma, mchwa au mende wa msituni ni kumbukumbu ya misitu yetu ya pwani kabla na baada ya mashoka kuingia. Mwaka 2020 watafiti walipendekeza utomvu uliotoka baada ya 1760 upewe jina la pekee, kwa sababu unaonyesha wadudu wa enzi ambayo binadamu anamaliza misitu. Kipande hicho ukikibandika lebo ya "Baltiki" umefuta kijiji, umefuta msitu, umefuta kila kitu ambacho mtafiti angekihitaji. Mdudu anabaki pambo la shingoni.

Najua nitaambiwa niwaache watu wapate riziki. Riziki ya nani? Anayekula tofauti ya bei ni anayebandika lebo, na lebo haibandikwi kwenye shimo la mchimbaji.

Kwa hiyo ukiambiwa ni kaharabu, uliza imetoka nchi gani, na muuzaji aiandike nchi hiyo kwenye risiti pamoja na neno "kaharabu". Akikuletea glasi ya maji ya chumvi, mwachie anywe mwenyewe.