Mvishe mwanao vazi la mababu, na hadithi yake pia

MWACHA mila ni mtumwa, husema wahenga. Lakini mila ikikabidhiwa mtoto bila maelezo, kwake huwa nguo tu, tena nguo nzito yenye joto.

Mfano mzuri ni kilti ya Waskoti. Katika harusi nyingi za Uskoti, bwana harusi, baba yake na hata watoto wadogo wa kiume huvaa vazi hili la sufu lenye mistari ya miraba. Hufungwa kiunoni na kuishia magotini, nyuma lina marinda na mbele ni bapa. Kilti ya mtu mzima huweza kula yadi 8 za kitambaa. Mgeni huiona ni sketi, ila mwenyewe hakubali jina hilo. Mwanaume wa pwani aliyelelewa kwa kikoi hahitaji kuelezwa kwamba vazi lisilo na miguu miwili halimpunguzii mtu uanaume wake.

Kitambaa hicho huitwa tartani. Kila tartani ina mpangilio wake wa rangi na hesabu ya nyuzi, na nyingi zina majina ya koo: Campbell, MacDonald, Fraser, MacLeod. Wajukuu na vitukuu wa Waskoti waliotawanyika Kanada, Marekani, Australia na New Zealand huitafuta tartani ya jina la babu au bibi, wakaivaa siku ya harusi, ya mahafali, au tarehe 6 Aprili ambayo huadhimishwa kama Siku ya Tartani. Nia yao ni kuwaheshimu waliotangulia.

Swali la wazazi ni hili: mtoto anapofungwa mkanda wa kilti kwa mara ya kwanza, anaambiwa nini?

Mara nyingi huambiwa kwamba rangi hizo ni za ukoo wao tangu enzi na enzi, na kwamba mababu walipigana vita wakizivaa ili watambuane. Ni maneno matamu, lakini sehemu kubwa yake si kweli. Mtoto wa leo mwenye simu atalijua hilo kwa dakika mbili. Na mtoto akigundua amedanganywa kuhusu babu yake, huanza kutilia shaka na mengine anayoambiwa nyumbani.

Vazi lililopigwa marufuku

Ukweli wenyewe ni mtamu kuliko hadithi ya kubuni. Wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti walikuwa wakijifunga shuka kubwa la sufu, nusu likiwa kiunoni na nusu likitupwa begani. Usiku lilikuwa blanketi. Kilti fupi ya leo ilitokea mwanzoni mwa karne ya 18.

Aprili 1746, waasi waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha ufalme walishindwa katika vita vya Culloden. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyowakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Mara ya pili alipelekwa mashamba ya ng'ambo kwa miaka 7. Waliosamehewa ni askari wa jeshi la mfalme. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1782.

Mzazi amfikirishe mwanawe hapo. Mvulana aliyezaliwa 1746 alifikisha miaka 36 kabla ya kuruhusiwa kisheria kuvaa vazi la baba yake.

Rangi za ukoo zilikuja baadaye

Marufuku ilipoondolewa, vazi lilirudi kwa kishindo, na biashara ikaliona. Mwaka 1815 chama cha Waskoti waliokuwa London kiliwaandikia wakuu wa koo kiwaombe sampuli za tartani zao. Baadhi ya wakuu hao hawakujua tartani yao ni ipi. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, na mwandishi Walter Scott, aliyesimamia shamrashamra, aliwahimiza watu waje wamevaa tartani. Kiwanda cha Wilson huko Bannockburn kilipata kazi tele. Baadhi ya vitambaa vyake vilikuwa na namba tu kabla ya kupewa majina ya koo.

Mwaka 1842 ndugu wawili walichapisha kitabu cha tartani za koo, wakidai wamekitoa katika hati ya kale. Hati hiyo ilikuja kuonekana ni ya kughushi, lakini tartani kadhaa za kitabu hicho huvaliwa hadi leo.

Je, hilo linaifuta heshima ya vazi? Halifuti. Babu aliyeoa amevaa tartani hiyo miaka 100 iliyopita aliivaa kweli. Wanajeshi wa Uskoti waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza wakiwa na kilti walikufa nazo kweli. Mila yenye miaka 200 tayari imepita mikononi mwa vizazi vingi. Mzazi anaweza kumwambia mtoto bila aibu: "Vazi hili halikuanza na mababu wa kale kama watu wanavyodhani, lakini babu yako alilipenda, na ndiyo maana tunalivaa."

Si kila babu alikuwa mwema

Kuna sehemu ngumu zaidi, na wazazi wengi huiruka. Waskoti wengi waliohamia ng'ambo waliondoka kwa kufukuzwa. Kati ya mwisho wa karne ya 18 na katikati ya karne ya 19, wamiliki wa ardhi waliwaondoa wakulima wa Nyanda za Juu ili wafuge kondoo. Katika visa vingine, aliyewafukuza alikuwa mkuu wa ukoo wao wenyewe. Yaani mtoto anaweza kuvaa jina la aliyefukuza, ilhali damu yake ni ya aliyefukuzwa.

Wengine walikwenda Karibea kusimamia au kumiliki mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika. Ndiyo sababu Campbell ni miongoni mwa majina ya ukoo ya kawaida sana Jamaica. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper aliandika kuhusu tartani moja ya kiwanda cha Wilson iliyojulikana kwa namba 155. Ikanunuliwa na bwana aliyeitwa Kidd kwa ajili ya kuwavisha watumwa wake wa Karibea, ikaitwa Kidd, kisha baadaye ikauzwa kama tartani ya ukoo wa Macpherson. Sheria ya kukomesha utumwa ya mwaka 1833 ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Zililipwa kwa wamiliki. Watumwa hawakupata kitu.

Kumheshimu babu hakumaanishi kumsafisha. Mtoto anaweza kupenda alikotoka na bado akasema, "Hili alilolifanya lilikuwa baya." Anayefundishwa hivyo nyumbani hatayumba atakapoyakuta shuleni.

Mtoto wa damu mbili

Zipo familia ambazo baba anatoka Mombasa au Mwanza na mama ni Mskoti, au kinyume chake. Huko swali hugeuka: mtoto mwenye jina la Kiafrika ana haki ya kuvaa kilti?

Anayo. Hakuna sheria inayompangia mtu tartani ya ukoo. Kwa desturi mtu huchagua kwa jina lake la ukoo, la mama au la bibi, au huvaa tartani ya wilaya alikotoka jamaa yake. Kuna nyingine huvaliwa na yeyote, kama Black Watch yenye kijani na bluu iliyokoza. Masingasinga wa Uskoti wana tartani yao iitwayo Singh. Tangu 2009 ipo Rejista ya Tartani ya Uskoti inayosimamiwa na serikali, na mtu yeyote mwenye sababu ya msingi anaweza kusajili tartani mpya kwa ada. Familia inaweza hata kubuni yake, yenye rangi za pande zote mbili.

Wasichana nao wasisahaulike. Wanaocheza ngoma za Nyanda za Juu huvaa kilti, na wengine huvaa ushi wa tartani begani.

Wazazi wafanye nini?

Waanze na watu kabla ya nguo. Uskoti iliweka uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo mwaka 1855, na kumbukumbu hizo hutafutwa mtandaoni. Jina la bibi, kijiji chake na kazi ya mumewe vina uzito kuliko picha ya ngome dukani.

Waeleze kwa umri. Wa miaka 5 anatosheka na "hii ni nguo aliyoipenda babu". Wa miaka 10 ataielewa habari ya marufuku na jela. Kijana wa sekondari yuko tayari kwa habari za kufukuzwa na za utumwa.

Wasikimbilie kununua. Kilti ya sufu iliyoshonwa kwa mkono ni ghali, na mtoto hukua haraka. Kukodi kwa siku moja ni jambo la kawaida huko Uskoti, na hakumpunguzii babu heshima.

Tena wasilazimishe. Kijana anayechekwa na wenzake akikataa kuivaa, aachwe. Akiwa ameijua hadithi, ipo siku ataitafuta mwenyewe. Kilti hukaa sandukuni miaka mingi bila kuharibika, lakini bibi anayeyakumbuka majina ya wazee haishi milele. Basi kabla ya kupima kiuno cha mtoto, mpigieni simu bibi, mumuulize, na mtoto akae karibu asikie.